Paa la Pijo ya Mwalimu Zuhura

Bofu, Likoni
Mwisho wa Shaabani, 1985

Fundi wangu Bakari,

Shikamoo. Neno hilo mkono umeliandika wenyewe. Mazoea ya miaka kumi na mmoja hayafutiki kwa miezi minne. Nimekaa kwenye kigogo chako mlangoni mwa gereji, asubuhi ya Ijumaa, kazi nimeisimamisha, na barua hii sijui nitaipeleka wapi nikishaimaliza. Lakini nisipoiandika nitapasuka. Fundi, mbona hukuniambia?

Nitaanza mwanzo, maana wewe hukupenda mtu anayerukia habari katikati.

Pijo ya Mwalimu Zuhura unaikumbuka, ile 504 nyeupe ndefu aliyoinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akibebea mboga na mananasi kutoka Shimba Hills. Bwana yule alikuwa ameifunga keria kubwa ya vyuma, na hakuibana pembeni kama wafanyavyo watu wenye huruma na gari. Alilitoboa paa matundu manane akapitisha boliti mpaka ndani. Mwalimu Zuhura yeye alitaka gari la kubebea maharusi, keria akaiona aibu, akaing'oa. Akatuletea paa la matundu manane, kutu imeyazunguka, na katikati limebonyea pale magunia yalipokaa miaka nenda miaka rudi. "Fundi Bakari," akasema, "nataka paa hili lisahau kabisa kwamba liliwahi kubeba nanasi." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ilikuwa Disemba, vuli imekwisha. Nilikuwa nimekuomba ruhusa ya wiki moja kwenda Msambweni kwenye harusi ya dada yangu. Nilidhani kazi ya bati utaningoja, maana kwa miezi mingi moto wote ulikuwa umeniachia mimi. "Chomelea wewe, Hamisi, siku hizi una mkono mzuri." Nami nikivimba kichwa. Niliporudi nilikuta paa limezibwa, limesuguliwa, kitambaa cha dari kimesharudishwa ndani, limebaki kungoja rangi tu. Nikalipitisha msasa wa mwisho. Nikiri leo, Fundi, kiganja changu kilihisi wimbi. Puti uliyojazia mabonde ya bati ilikuwa nene kuliko ulivyowahi kuniruhusu mimi niipake. Nikasema moyoni mzee anajua anachokifanya, nikapiga rangi.

Nilisema hivyo kwa sababu sheria yako niliijua. "Puti ni poda," ulikuwa ukituambia. "Poda hupakwa uso uliopo, haiumbi pua." Tundu la paa huzibwa kwa kipande cha bati kilichokatwa kwa kipimo chake, kikachomelewa tone huku na tone kule, matambara ya maji yamelizunguka ili bati lisijikunje kwa moto. Na kabla kitambaa cha dari hakijarudi, mtu huingia garini saa sita mchana, madirisha yamefunikwa magunia, akatazama juu. Likiwepo tundu hata la ncha ya sindano, litang'aa. Kazi hiyo wewe uliiita kuhesabu nyota, na gari lenye nyota halikutoka kwako. Mimi nikiingia nahesabu hakuna. Wewe ukiingia unatoka na tatu, na zote nilikuwa nikiziona baada ya kunionyesha. Kuanzia Bofu mpaka Mtongwe hapakuwa na asiyeyasifu macho yako.

Halafu ikaja ile siku ya Januari. Ulitaka bati kutoka kwa wauza vyuma wa Changamwe, na safari hiyo siku zote ulikuwa ukienda peke yako au ukinituma mimi. Asubuhi ile ukaniambia, "Hamisi, twende wote." Nami nilikuwa nimeshachanganya rangi. Nikakujibu kwa mzaha wangu wa kijinga, "Mzee, waogopa kupotea?" Kisha ukasema, "Haya, baki na rangi yako," ukavaa kofia yako ukateremka kivukoni. Saa nane mchana wakaja watu kuniambia kwamba lori limekugonga karibu na Kipevu na kwamba nisikimbie, hakuna tena haja ya kukimbia.

Sikuamini hata nilipokuwa nikikuosha pamoja na shemeji zako. Nilikunyoosha vidole kimoja kimoja, na nilipofika kwenye dole gumba la kulia, lile lenye kovu la msumeno lililokatiza katikati, nilikuwa nangoja unipige kofi uniambie nakuumiza. Watu walikuwa wakisoma, maji yakimwagika, nami naangalia lile kovu na kujiambia atainuka huyu.

Dereva wa lori alikuwa mtu wa bara, jina lake Kyalo, mwenye mke na watoto wawili Changamwe. Waliokuwa barabarani walimpiga kabla polisi hawajafika, wakamvunja meno ya mbele. Nilifurahi. Nakwambia kweli, Fundi, nilifurahi, na nilisikitika kwamba sikuwapo nikampiga pigo langu. Akatiwa rumande, akashtakiwa kuua mtu kwa kuendesha vibaya. Na tangu siku ile alikuwa na neno moja tu, akiulizwa na polisi analisema, akiulizwa na hakimu analisema: "Mzee alikuwa amesimama kando. Nikapiga honi. Akageuka, akaniangalia macho kwa macho. Halafu akaingia barabarani." Hakuna aliyemwamini. Nani duniani anayelitazama lori likija kisha akalifuata?

Mwezi wa tatu nikaitwa kotini mimi. Nilishika Msahafu. Nikaulizwa kama marehemu alikuwa akiona vizuri, nami nikajibu kwa kifua mbele, "Bwana Hakimu, mtu yule alikuwa akiona tundu la sindano kwenye bati. Macho yake yalikuwa mazima kuliko haya yangu." Nikawaeleza habari za kuhesabu nyota. Watu wakatikisa vichwa kwa kukustaajabia. Kyalo akainama, na mkewe, aliyekuwa nyuma na mtoto mgongoni, akawa analia bila sauti. Nilitoka pale najiona mtoto mwema. Nilipita makaburini nikakwambia kwa sauti, tumemshika.

Masika yakaingia. Siku moja ya Aprili, mvua imeanuka na jua limetoka, nikasikia honi ndefu hapa nje, na sauti ya Mwalimu Zuhura kabla injini haijazimika.

"Hamisi! Toka uje uone! Bibi harusi wa watu amelowa utosi kabla hajafika kwa mumewe! Wanja umemchuruzika mpaka kidevuni, na mama mkwe anasema ndoa imeingia na mkosi. Mumenifanyia nini wewe na marehemu?"

Damu ikanipanda. "Mwalimu, kazi ya Fundi Bakari haivuji. Pengine mliacha dirisha wazi."

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeshindwa kujumlisha mbili na mbili. "Ndani ya Pijo yangu kuna dirisha juu ya utosi, Hamisi?"

Basi nikaingia, kwa hasira, ili nimwonyeshe. Nikakishusha kitambaa cha dari. Kilikuwa kimelowa chote, maji yenye kutu yakanimwagikia kifuani. Nikatazama juu.

Matundu mawili ya mbele yalikuwa kazi yako, yamezibwa sawasawa, duara kamili. La tatu, Fundi, la tatu ulichomelea kando yake. Moto ulikuwa umepita juu ya bati zima lisilo na tundu, kipande cha kuzibia kimegandishwa pale, na tundu lenyewe liko wazi umbali wa kidole kizima. La nne ulilikosa upande wa kushoto, kisha ukalikosa upande wa kulia. Kwenye la tano moto ulikaa mahali pamoja mpaka bati likayeyuka, tundu la boliti likawa kubwa la kupita yai. Yaliyobaki hayakuchomelewa kabisa. Yalijazwa matambara na puti, puti ikasukumwa kwa kidole kutoka chini, na alama za kidole zimebaki, dole gumba, na mstari umekatiza katikati.

Nilikaa kwenye kiti cha nyuma. Kwanza nilijiambia ni kazi ya mtu mwingine, lakini kovu lile nililiosha mimi. Kisha, Mungu anisamehe, nikakutukana. Nikasema mzee alifanya uvivu, miaka yote ametusomea hutuba juu ya puti, kumbe mgongoni mwetu anapaka poda kama wengine. Halafu nikautazama tena ule mchomeleo uliokosa tundu. Mvivu hahangaiki na moto. Mvivu angepaka puti tangu mwanzo akaenda zake kunywa kahawa. Huyu alijaribu. Alilitafuta tundu akalikosa, akalitafuta tena, akalikosa tena. Nikaweka kidole changu pale katikati ya tundu na mchomeleo, nikapima.

Hukuwa ukiliona. Fundi, hukuwa ukiona.

Na hapo yote yakanijia kwa mkupuo. Jinsi ulivyoacha kuchanganya rangi, ukasema harufu inakukera. Jinsi ulivyokuwa ukiniuliza "Nani huyo?" mtu akisimama mlangoni, nami nikidhani umeanza kuringa. Kikombe ulichokiweka hewani kando ya meza, kikavunjika, ukamlaumu paka. Tangazo la msikitini uliloniambia nikusomee kwa sababu miwani umeisahau, na miwani huna. Na kile kiganja chako! Kwa miezi mingi ulikuwa ukilipapasa bati badala ya kulitazama, nami nikawaambia wateja, mwoneni Fundi Bakari, fundi wa kweli huona kwa kiganja. Nilijisifia hilo mitaani. Wewe ukanisikia, ukaniacha niendelee.

Mwalimu Zuhura alichungulia akaona ninachokitazama. Sikumficha. Akafunika mdomo kwa mtandio. "Masikini ya Mungu," akasema. "Na mimi nilikuwa namfanyia mzaha wa nanasi." Yule mama ni mwalimu wa hesabu, hesabu yake haikuchukua muda. Akaniuliza taratibu, "Hamisi, na yule dereva?"

Nilikuwa sijamfikia dereva. Wallahi nilikuwa bado niko kwako tu. Alipolitaja neno lile niliteremka garini nikatapika pale kwenye mchanga.

Alasiri ile ile nilikwenda nyumbani kwako. Bi Mwanasiti yuko edani, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, kwa hiyo nilikaa ukumbini na pazia kati yetu, dada yake yupo upande wa ndani. Nikamwita.

"Abee, mwanangu."

"Mama, Fundi alikuwa haoni?"

Nilikuwa nikiusikia mlio wa tasbihi yake. Ukakoma. "Nani kakwambia?"

"Paa la Pijo."

Akaanza kusema bila mimi kumuuliza tena. "Ilianza mfungo wa mwaka jana. Akaniambia taa ya chumbani yatoa moshi. Nikawa naisugua chimni kila siku, naisugua, yeye asema moshi ungalipo. Kumbe moshi ulikuwa machoni mwake. Nikamwambia twende hospitali, akasema mtoto wa jicho hutolewa kwa kisu, na kisu kikikosea atapoteza hata huo ukungu uliobaki. Akaniapisha nisimwambie mtu. Na wewe khasa."

"Mimi khasa? Kwa nini mimi?"

"Alisema, Hamisi akijua atanihurumia. Na fundi akihurumiwa na mwanafunzi wake, kwisha."

Nilitaka kulipasua lile pazia. Nikamuuliza habari za Pijo. Akasema ulingoja niende Msambweni. Akasema ulitaka ujue mwenyewe kama bado unaweza, na kwamba siku ya mwisho ulirudi na puti kwenye kucha, ukakaa kitandani na nguo za kazi, hukutaka chakula, ukamwambia, "Mwanasiti, mimi na moto tumeagana." Tangu hapo kweli hukuushika tena. Na mimi nikadhani unanipisha kwa sababu nimekuwa bingwa.

Kisha akaniuliza kotini tunasemaje, maana kwa eda yake habari zilikuwa zikimfikia nusu nusu. Nikamweleza yote, kiapo changu, nyota, na neno la Kyalo la macho kwa macho. Nilisikia akivuta pumzi. Halafu akaniambia jambo ambalo nilikuwa nikilitamani, nisikufiche, nilitamani mtu aniambie hivyo.

"Yaache, Hamisi. Maiti husitiriwa. Wewe ulimwosha, uliuona mwili wake. Ulitoka nje ukawasimulia watu? Na hili ni hilo hilo. Limeoshwa, limevikwa sanda, limezikwa."

Nikasema, "Naam, mama." Nikaaga. Nilihisi wepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia. Mwoshaji hasemi alichokiona, ndivyo tulivyofunzwa, na wewe ndiwe uliyenifunza. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja pale kizingitini aliponiita tena, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

"Hamisi. Huyo dereva ana watoto?"

"Wawili, mama. Mmoja bado wa mgongoni."

Tasbihi ikalia mara moja, mbili. "Maiti hafungwi jela, mwanangu," akasema. "Nenda. Mimi kiapo changu nimekivunja leo, nitakwenda kumjibu mwenyewe. Wewe kakitengeneze chako."

Ilibidi bati lile nilikate kwa vyovyote, kwa sababu palipokosewa hapafai kuchomelewa juu yake. Nilimwomba Mwalimu Zuhura ruhusa ya kukata kipande kikubwa zaidi, nikamwambia na nakipeleka wapi. "Kata," akasema. "Paa langu limeshazoea matundu." Nikakata kipande cha ukubwa wa Msahafu, chenye tundu la tatu na la nne. Nikatia bati jipya, matambara ya maji, tone huku na tone kule. Ile puti ya kidole chako kwenye matundu ya nyuma ilinishinda kuitoa siku ile. Niliitoa kesho yake, kwa patasi, nageuza uso.

Kotini nilikwenda asubuhi tatu kabla ya kusikilizwa. Karani aliniambia kiapo si shati la kubadilisha, na kwamba huenda nikafungwa mimi kwa kusema uongo. Nikamwambia nifungwe. Sikuwa shujaa, Fundi, nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza yake na yeye aliona. Hakimu akakubali nisimame tena. Bi Mwanasiti naye maneno yake yaliandikwa, akayatia kidole, yakasomwa. Nikakifungua kipande changu kutoka kwenye kanga nikakiweka mezani.

"Hiki ni nini?"

"Ni kipande cha paa la gari, Bwana Hakimu. Tundu liko hapa. Na yeye alichomelea hapa."

Alikigeuza geuza. Akaweka kalamu yake katikati ya tundu na mchomeleo. Kisha akaniuliza swali ambalo ninaishi nalo mpaka leo. "Wewe ulikuwa naye kila siku, miaka kumi na mmoja. Uliyaona haya anayoyasema mkewe. Ulifanya nini?"

Nikasema, "Nilimcheka, Bwana Hakimu. Nilimuuliza kama anaogopa kupotea."

Sikumtazama Kyalo, sikuweza.

Juma lililopita ameachiliwa. Nilikuwa nimesimama nje, nilimwona anatoka na mkewe, akamwambia jambo, kisha akaja kwangu moja kwa moja. Nilikaa tayari anipige. Nilikuwa nimeshaamua sitauinua mkono. Alipofungua mdomo niliona lile pengo la meno niliyoyafurahia.

"Bwana, huyo mzee mlimzika wapi?"

"Bofu. Ng'ambo ya Likoni."

"Nipeleke."

Tulivuka pamoja mpaka katikati ya feri. Hapo ndipo alipoanza, anaangalia mbele, si mimi. "Miezi minne kila nikifunga macho namuona ananiangalia. Nilikuwa najiuliza, huyu mzee nilimkosea nini? Lori ni mengi hiyo barabara. Kwa nini aniangalie mimi, halafu achague kufa kwangu mimi? Nilifikiria alitaka kufa, bwana. Nilifikiria aliniona nina sura ya muuaji." Nikaanza kumwambia nisamehe. Akanigonga begani mara moja, kama wafanyavyo madereva wenzake.

Kaburini kwako alivua viatu, wala hakuna aliyemwambia avue. Si wa dini yetu, hakujua asome nini. Alisimama mikono ameikunja mbele. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mnazungumza barazani: "Mzee, kumbe hukuniona. Pole sana. Mimi nilikuona, breki nikashika, na bado nikakufikia."

Fundi, tangu Januari nilikuwa sijalia. Nilipokuosha sikulia, nilipokuteremsha mwanandani sikulia, watu wakasema Hamisi ana moyo wa chuma. Siku ile mbele ya mtu yule nililia mpaka nikakaa chini kwenye mchanga wako. Yeye akangoja. Halafu tukaondoka, nikamsindikiza mpaka kivukoni.

Wapo wanaosema nimekuvua nguo. Wanapita hapa nje wananiangalia kwa jicho la pembeni, na mmoja amehamisha gari lake kwa fundi wa Mtongwe. Na aende. Gereji ina jina lako na itabaki nalo, na atakayeniuliza nitamwambia kweli yote, kwamba Fundi Bakari alikuwa fundi kuliko sote, kwamba mwisho macho yalimwacha, na kwamba watu wake hatukuwa na akili ya kumshika mkono. Bi Mwanasiti akitoka edani nitakuwa mlangoni, mahitaji yake ni juu yangu maadamu ninapumua, inshallah.

Lakini nina hasira na wewe. Nimeitafuta njia ya kulisema hili kwa adabu nimeikosa. Ulinifunza kupima bati kwa unene wa ukucha, ulinifunza kusali, ulinifunza hata namna ya kuzungumza na wakwe, halafu likaja jambo moja zito maishani mwako ukaona mimi sifai kulibeba. Ulidhani ningekuhurumia. Ndiyo, ningekuhurumia! Na ningekushika kiwiko pale Kipevu, lile lori likatupita, tukarudi na bati letu, ukanigombeza kwa kukushika mbele za watu.

Adhana inakaribia, nafunga. Pumzika, Fundi wangu, Mwenyezi Mungu akupe huko mwanga usio na ukungu. Nakuahidi kila baada ya sala ya Ijumaa nitakuja kukusomea, mvua au jua, kwa siku zote nilizobakishiwa. Na nikishamaliza kusoma nitakuuliza tena, kila Ijumaa, mbona hukuniambia. Usinichoke.

Mwanafunzi wako,
Hamisi